Mzigo wa Saba

Kakuma 1
Jumapili, 19 Mei 2024

Mwalimu Awino,

Ejok, nakusalimu kwa Kiturkana. Kama Majok hajaisahau barua hii chini ya magunia yake, utaipata kesho jioni. Majok ni mwenye duka jirani yangu. Kila Jumatatu huenda Lodwar kununua bidhaa, Jumatano anarudi. Amekubali kuwa posta yetu bila malipo, ila ujue atakuuliza habari za ukoo wako wote.

Mimi ni Ayen, yule mwanamke wa Bor, Sudan Kusini, uliyemfundisha kwenye semina ya Desemba hapa kambini, aliyeuliza "kwa nini" mara nyingi mpaka ukamwambia anywe chai kwanza. Ulituambia mwenye shida ya hesabu asikupigie simu, aandike barua, kwa sababu simu haionyeshi njia ya kupata jibu. Basi nimeandika.

Nafundisha hesabu Gredi ya Sita, watoto tisini na wanne, mwaka wa nne sasa, bila cheti. Mwezi wa nne sisi walimu tusio na vyeti tulifanyishwa mtihani wa hesabu. Alama za kupita ni ishirini kati ya arobaini. Mimi nimepata kumi na tisa. Tuliofeli tunarudia tarehe 20 Julai, na atakayefeli tena anatolewa darasani muhula ukiisha. Mwalimu Yak, aliyepata ishirini kamili, ndiye atakayepewa darasa langu. Ameshaniuliza ufunguo wa kabati unakaa wapi.

Kilichoniangusha ni kugawanya sehemu, hasa zile hesabu za maneno. Tumerudishiwa karatasi, kwa hiyo nakunakilia swali la 14:

"Abuk ana kilo 5 za mtama. Anabadilisha mtama huo na kuni. Mzigo mmoja wa kuni ni kilo ¾ za mtama. Atapata mizigo mingapi mizima, na mtama kiasi gani utabaki?"

Niliandika mizigo 6, na mtama utabaki nusu kilo. Kwa mizigo nikapewa alama. Kwa nusu kilo nikawekewa X kubwa yenye mkia. Swali hili ni maisha yangu ya kila wiki, na kulikosa kumeniuma kuliko mengine yote. Nionyeshe nilipokosea.

Wako,
Ayen (Mama Achai)


Lodwar
Jumanne, 21 Mei 2024

Mama Achai,

Nakukumbuka sana. Chai yenyewe ilipoa ukiuliza. Majok amefika, ameniuliza habari za watoto, wajukuu, na hata goti langu.

Nitakuambia ninachowaambia wote. Hesabu ya maneno si maisha yako ya kila wiki. Ni hesabu iliyovalishwa nguo. Ivue nguo, ubaki na namba:

5 ÷ ¾

Hiyo sehemu ya pili ipindue, kisha zidisha:

5 × 4/3 = 20/3 = 6⅔

Mizigo sita, na inabaki thuluthi mbili. Kwa hiyo mtama uliobaki ni ⅔ ya kilo. Wewe ulikisia nusu, kwa sababu nusu ni namba inayopendwa na kila mtu. Aliyesahihisha ni siri ya ofisi ya elimu, usiniulize, lakini alifuata mwongozo wa majibu.

Nakutumia maswali kumi. Yafanye yote, onyesha njia, uyarudishe na Majok. Na huo ufunguo wa kabati usimpe Yak.

Mwalimu Awino


Kakuma 1
Jumapili, 26 Mei 2024

Mwalimu Awino,

Maswali yako kumi yamo humu. Nimepindua, nimezidisha. Kupindua si kazi ngumu, hata chapati tunaipindua. Lakini nimebaki na maswali mawili ya kwangu. La kwanza, kwa nini tunapindua? La pili, hiyo thuluthi mbili ni thuluthi mbili ya nini?

Nikueleze ninavyoishi na swali la 14. Kuna mama Mturkana anaitwa Apua, hutuletea kuni kila Alhamisi. Hataki pesa, anataka mtama wa mgao, maana kwake nyumbani chakula kiko mbali kuliko kuni. Bei yake ni robo tatu ya kilo kwa mzigo. Mimi nina kopo la kilo moja, nimelichora mistari minne kwa msumari. Kila mzigo ninamjazia hadi mstari wa tatu. Wiki nikiwa na kilo tano, Apua anashusha mizigo sita, na mtama unaonibakia unafika mstari wa pili. Ni hivyo kila mara.

Baada ya kusoma barua yako nilimwambia anipe mzigo wa saba, aupunguze ulingane na hicho kilichobaki. Akanicheka.

"Mimi hapana fungua kamba," akasema. "Ongeza mstari moja ama kaa na mtama yako."

Nikakaa na mtama wangu. Mstari wa pili wa kopo langu ni nusu kilo, Mwalimu. Sikukisia.

Wako,
Ayen


Lodwar
Jumanne, 28 Mei 2024

Mama Achai,

Kumi kwa kumi. Mkono wako ni msafi na njia inaonekana. Kwa mwendo huu hakuna sababu ya kufeli.

Sasa maswali yako. Kwa nini tunapindua? Kwa sababu ndiyo kanuni. Nilifundishwa hivyo kule Siaya nikiwa mtoto, na nimefundisha hivyo hapa Lodwar miaka ishirini na sita, na wanafunzi wangu wengine leo ni wahandisi. Thuluthi mbili ya nini? Ya kilo. Swali limeuliza mtama, na mtama unapimwa kwa kilo. Kopo lililochorwa kwa msumari si kipimo cha kubishania mtihani. Huenda mistari yako imepinda, au Apua ana mkono mzito.

Una wiki saba tu. Pita kwanza, ubishi utafuata. Siku ile likija swali kama hilo, andika thuluthi mbili ya kilo, uweke kalamu chini, uende nyumbani ukiwa na darasa lako. Nakusihi kama ningemsihi binti yangu.

Mwalimu Awino


Kakuma 1
Jumapili, 9 Juni 2024

Mwalimu Awino,

Nimechelewa kwa sababu nilisubiri siku ya mgao.

Ulisema labda mistari yangu imepinda. Basi safari hii kopo nimeliweka kando. Nilipima kilo tano kwenye mizani ya dukani kwa Majok, na kila mzigo wa Apua tukaupimia robo tatu palepale kwenye mizani, mara sita. Apua alikasirika kwa kucheleweshwa, akasema sisi watu wa kambi hatuaminiani hata na mtama. Kilichobaki nimekifunga kwenye mfuko huu mweupe aliokuletea Majok. Sijakipima. Kipime wewe, kwa mizani unayoiamini.

Na nadhani nimejua kwa nini tunapindua. Nilikuwa nachambua mawe kwenye mtama, ndipo nikaona. Kilo moja ni mistari minne. Kilo tano ni mistari ishirini. Hapo ndipo tunapozidisha kwa nne. Apua kila mzigo anachukua mistari mitatu. Hapo ndipo tunapogawanya kwa tatu. Nne imepanda juu, tatu imeshuka chini. Hakuna kilichopinduliwa, Mwalimu. Tulihesabu mistari badala ya kilo, basi.

Ishirini kwa tatu ni mara sita, inabaki mistari miwili. Mistari miwili ni nusu kilo. Lakini mzigo wa Apua ni mistari mitatu, na mimi nina miwili kati ya hiyo mitatu. Hiyo ndiyo thuluthi mbili yenu. Ni thuluthi mbili ya mzigo, si ya kilo.

Kama nimekosea, nionyeshe ni mstari gani.

Wako,
Ayen


Kakuma 1
Jumapili, 30 Juni 2024

Mwalimu Awino,

Majok amerudi mara tatu mikono mitupu. Anasema mfuko uliupokea kwa mkono wako, ukasema hakuna majibu. Mara ya mwisho anasema hukutoka nje, ulimwambia kupitia dirisha kuwa una kazi nyingi.

Nisamehe. Mtu aliyefundisha miaka ishirini na sita hapelekewi mtama kwenye mfuko kama mwizi anayeonyeshwa ushahidi. Nilifurahi kupita kiasi siku ile, nikasahau adabu. Sitauliza tena. Tarehe 20 nitaandika thuluthi mbili ya kilo kama ulivyonielekeza. Nahitaji hili darasa. Bila hilo mimi ni mwanamke anayesubiri mgao tu, na huo mgao wenyewe kila mara unapungua.

Nimeanza hata kuwazoesha watoto. Jumatano niliandika swali la 14 ubaoni, nikapindua, nikazidisha, nikaandika kwamba inabaki ⅔ ya kilo. Binti yangu Achai yumo kwenye darasa hilo. Akanyanyua mkono. Darasani haniiti mama.

"Mwalimu, mizigo sita mara robo tatu ni kilo nne na nusu. Sasa nikiongeza thuluthi mbili, inapita tano. Huyo Abuk alikuwa na tano. Hiyo mtama ingine imetoka wapi?"

Nikamwambia anyamaze, akae chini. Akakaa. Watoto tisini na watatu wakainamisha vichwa, wakanakili.

Miaka minne sijawahi kumnyamazisha mtoto kwa sababu ameuliza jambo la kweli. Jioni ile Achai alichota maji, akapika, akaosha vyombo, na hakuniuliza chochote. Naona aibu, Mwalimu, na sina mwingine wa kumwambia.

Ayen


Lodwar
Jumanne, 2 Julai 2024

Mama Achai,

Keti kwanza ndipo usome.

Mfuko wako niliupeleka kwa Gitau, mwenye duka hapa, siku niliyoupokea. Ana mizani mpya ya kidijitali. Akaweka mtama, akasema, "Madam, hii ni nusu kilo." Nikamwambia apime tena. Akapima, nusu. Nikaenda duka lingine, nikijifanya nataka kuuza. Nusu.

Nikarudi nyumbani na mfuko wangu, nikachukua karatasi, nikachora mistari ishirini kama mtoto wa Gredi ya Kwanza. Nikaizungushia mitatu mitatu. Ikabaki miwili. Mama Achai, nimepindua na kuzidisha tangu kabla hujazaliwa, na sikuwahi kujua hiyo nne inakwenda juu kufanya nini. Ulipouliza kwa nini, nilikujibu "ndiyo kanuni" kwa sababu sikuwa na jibu lingine. Na kwenye semina nilikuambia unywe chai kwa sababu hiyohiyo.

Lakini si hilo lililonifungia ndani wiki tatu. Swali la 14 nililitunga mimi. Mwongozo wa majibu niliuandika mimi, na humo niliandika: inabaki ⅔ ya kilo. Karatasi za Kakuma nilizisahihisha mimi, zikiwa na namba bila majina. X yenye mkia ni ya mkono wangu. Uliponiletea barua ya kwanza nilijua swali ni langu, lakini sikujua kama nimekosea, nikakuficha. Tangu Juni 11 nimejua yote mawili, na bado nikakuficha.

Desemba nastaafu. Nilitaka kuondoka jina likiwa safi. Nikajiambia kuwa ukiandika thuluthi mbili tarehe 20 utapita, utabaki na darasa lako, nitaondoka na heshima yangu, na hakuna atakayeumia. Nilidhani huko ndiko kukusaidia. Kisha nikasoma habari za Achai.

Mwambie hivi, tafadhali, mbele ya darasa zima: mtama huo haukutoka popote. Ulitoka kwenye kichwa cha mwalimu mzee aliyefanya hesabu bila kurudi nyuma kuihakiki. Alichouliza ndicho nilichopaswa kujiuliza mimi kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Kesho asubuhi naenda ofisini na karatasi yangu ya mistari ishirini na mfuko wako. Sijui watasemaje. Tarehe 20 wakikuuliza kitu chochote kinachobaki, andika ukweli.

Awino


Kakuma 1
Jumapili, 7 Julai 2024

Mwalimu Awino,

Nimesoma barua yako mara nne. Nimekasirika. Sitakudanganya.

Sikukasirika kwa X. X ni kosa, na kosa mimi pia ninalo. Nimekasirikia wiki tatu. Wiki tatu ulijua kuwa niko sawa, ukaniacha niombe msamaha. Ukaniacha nimkalishe mtoto wangu chini.

Ijumaa nilisimama mbele ya darasa, nikafuta thuluthi mbili ya kilo, nikaandika nusu. Nikasema Achai alikuwa sawa na mimi nilikosea kumnyamazisha. Barua yako sikuwasomea. Hiyo ni yako.

Kama umeenda ofisini kweli, nakushukuru. Kama hukuenda, sitamwambia mtu. Majok anasema umekonda.

Ayen


Lodwar
Jumanne, 16 Julai 2024

Mama Achai,

Hasira yako nimeipokea. Ni haki yako na sitaipunguza.

Nilienda. Kijana mmoja wa ofisini, Benard, aliniambia nisijisumbue, alama moja haiwezi kubadilisha kitu. Nikamwaga mtama wako kwenye mizani ndogo iliyokuwa jikoni kwao. Akaita mkubwa wake. Mkubwa wake akapiga hesabu kwenye simu, akakunja uso, akaita mwingine. Wakafungua karatasi zote. Watu kumi na mmoja walikuwa wameandika nusu kilo kama wewe, wote wa Kakuma, wote wanawake. Hakuna mtu wa Lodwar aliyeandika nusu. Naamini ni kwa sababu sisi hapa tunanunua kuni kwa pesa.

Wote kumi na mmoja mmerudishiwa alama. Kati yenu wanne mmefika ishirini, na wewe ni mmoja wao. Barua ya ofisi yenye muhuri imo kwenye bahasha hii. Jumamosi huna mtihani. Darasa ni lako. Walioandika thuluthi mbili hawakunyang'anywa alama zao, kwa hiyo Yak naye yumo, ila atatafutiwa darasa lingine.

Mimi nimeambiwa nisitunge wala kusahihisha tena mitihani kwa miezi iliyobaki. Waliniambia kwa upole, na upole wenyewe umeniuma. Ni sawa. Asubuhi nafundisha sehemu darasani kwangu, na kwenye meza nimeweka kopo lenye mistari minne. Imepinda kidogo. Msumari si kazi rahisi.

Mtama wako nakurudishia, mfuko ni uleule. Humo nimeongeza robo kilo, Gitau amepima. Unajua ni ya nini.

Awino


Kakuma 1
Jumapili, 21 Julai 2024

Mwalimu Awino,

Barua yenye muhuri nimeipata. Niliisoma nikiwa nimesimama dukani, kisha nikakaa juu ya gunia la Majok nikalia, na yeye akajifanya anapanga sabuni. Yak alikuja Alhamisi. Hakuuliza ufunguo. Aliuliza kama anaweza kukaa nyuma siku nitakayofundisha mistari ishirini. Nikamwambia aje na kopo lake.

Hasira imebaki kidogo. Naona sasa ni chini ya mstari wa kwanza. Desemba ukistaafu, panda uje huku. Achai ana maswali mengi na mimi nimechoka kuyajibu peke yangu. Chai nitapika, na hakuna atakayekuambia uinywe unyamaze.

Siku hiyohiyo ya Alhamisi Apua alikuja na kuni. Nilimlipa mizigo sita kama kawaida. Kisha nikamwita Achai, nikampa mfuko wako mweupe. Akaumwaga kwenye kopo polepole, akalitikisa mtama utulie. Ulifika mstari wa tatu, wala haukuzidi.

Apua akaliinua kopo, akaliangalia kila upande, akaniuliza huo mstari wa mwisho umetoka wapi, maana anajua wangu hufika wa pili. Nikamwambia umetoka kwa mwalimu wa Lodwar.

"Huyo mwalimu amechelewa," akasema. "Lakini amefikisha."

Akashusha mzigo wa saba, kamba yake haijafunguliwa.

Ayen